Una mswada kwenye simu? Mjue mchapishaji kabla hujatuma pesa

Sema ukweli, kuna kitu umeandika. Labda kiko kwenye simu, labda kwenye daftari lililojaa hadi jalada la nyuma. Ni hadithi ya nyanya yako aliyehama na mifugo mwaka wa ukame, au ya safari iliyokuleta Kakuma ukiwa umebebwa mgongoni. Umewasomea marafiki wawili watatu wakakuambia, "Maze, hii inafaa kuwa kitabu."

Halafu ujumbe unaingia kwenye Facebook. Mtu usiyemjua anasema kampuni yake imevutiwa na kazi yako na itakufanya mwandishi ndani ya wiki sita. Kinachotakiwa ni amana kidogo tu, kwa M-Pesa, leo kabla ofa haijafungwa.

Usitume kwanza. Huenda huyo mtu si tapeli, lakini kuna maswali mawili ambayo lazima yajibiwe kabla shilingi haijatoka mfukoni mwako: nani anagharamia kitabu, na nani anabaki na haki zake? Ukishayaelewa hayo mawili, biashara nzima ya uchapishaji inakuwa rahisi kusomeka.

Hadithi zetu zimeshachapishwa, lakini wapi?

Kambi ya Kakuma ilianzishwa 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika. Tangu wakati huo imezaa vitabu vinavyosomwa dunia nzima. Mnamo 2005, Benson Deng, Alephonsion Deng na Benjamin Ajak, wakishirikiana na Judy Bernstein, walitoa *They Poured Fire on Us from the Sky*. Mwaka wa 2006 Mmarekani Dave Eggers akatoa *What Is the What*, riwaya inayofuata maisha ya Valentino Achak Deng. Mwaka uliofuata John Bul Dau akatoa *God Grew Tired of Us*, akisaidiwa na Michael Sweeney. Mwanariadha Lopez Lomong, aliyekulia Kakuma, naye alisimulia maisha yake katika *Running for My Life*, 2012.

Vyote vilichapishwa Marekani. Hiyo si dhambi, kwa sababu waliosimulia walikuwa wamehamia huko na huko ndiko walikopata wachapishaji. Ila angalia majalada kwa makini. Cha 2005 kina majina ya vijana wenyewe kama waandishi. Cha 2006 mwandishi ni Eggers, ingawa maisha ni ya Valentino. Wawili hao walikubaliana kwamba mapato yaende kwenye wakfu wa Valentino, na kutokana na mpango huo shule ya sekondari ikajengwa kijijini kwao Marial Bai, Sudan Kusini.

Kwa hivyo hadithi ya mtu inaweza kuandikwa na mwingine na bado mwenye hadithi akafaidika, mradi makubaliano yafanywe mapema na yaeleweke. Hapa kwetu watafiti, wapiga picha na watu wa mashirika huja kila mwezi kutafuta "simulizi". Wengi wana nia njema. Lakini usipouliza jina lako litakaa wapi na pesa zitaenda wapi, hakuna atakayekuuliziia hilo.

Pia usidhani kuchapisha ni lazima uende ng'ambo. Desemba 2008 wakimbizi wa Kakuma walianzisha KANERE, gazeti lao huru, wakaliweka mtandaoni bila kungoja mtu kutoka Nairobi wala Geneva awape ruhusa ya kusimulia mambo ya kambi yao. Huo nao ni uchapishaji.

Mchapishaji si mpiga chapa

Watu wengi hapa Lodwar huchanganya haya mawili. Mpiga chapa ana mashine. Unampelekea faili, anakupa nakala, unamlipa, kazi imekwisha. Ukimpelekea kitabu chenye makosa 300 atakurudishia nakala 200 zenye makosa 300 kila moja. Si kazi yake kukusahihisha.

Mchapishaji ni mwekezaji. Anachagua mswada, anamlipa mhariri, anamlipa mchoraji wa jalada, anamlipa huyo mpiga chapa, kisha anahangaika kukiuza kitabu. Anaweka pesa zake akitumaini zitarudi na faida. Ndiyo maana anachagua sana.

Sasa kuna kundi la tatu katikati: kampuni inayojiita mchapishaji lakini pesa ni zako. Tutafika huko.

Njia ya kwanza: mchapishaji wa kawaida

Majina unayajua tangu darasa la kwanza kwa sababu yalikuwa kwenye vitabu vyako: Longhorn, East African Educational Publishers, Oxford, Moran, Storymoja, Kenya Literature Bureau, Jomo Kenyatta Foundation. Mbili za mwisho ni mashirika ya serikali.

Ukitaka kuwaelewa wachapishaji wa Kenya, elewa shule. Pesa nyingi ziko huko. Taasisi ya mitaala, KICD, hukagua na kuidhinisha vitabu, na tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa katika shule za upili, kama ilivyokuwa kwa *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, kila mwanafunzi anaihitaji. Isipoteuliwa, inagombania wasomaji wachache wanaonunua kitabu kwa kupenda tu.

Kwa hivyo mchapishaji akikataa diwani yako, usikimbilie kusema amekuchukia kwa sababu unatoka Turkana. Mara nyingi anapiga hesabu: nani atanunua? Hadithi ya watoto au riwaya fupi ya vijana ina nafasi nzuri kuliko kumbukumbu ya maisha yenye kurasa 400.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hulipi kitu. Ubaya ni kusubiri. Miezi inapita bila jibu, na hata ukikubaliwa, kitabu chaweza kuchukua mwaka au zaidi. Kumbuka pia kwamba hakuna mhariri anayeuliza una digrii gani kabla ya kusoma kurasa zako za mwanzo. Mimi chuo niliacha katikati, na nakuambia hili ni mojawapo ya milango michache ambayo haina mlinzi anayedai cheti.

Malipo yako huitwa mrabaha. Kwa kawaida huwa asilimia 10 hadi 15, lakini uliza: asilimia 10 ya nini? Chukua mfano huu. Kitabu kinauzwa Sh600 dukani. Duka linachukua punguzo la asilimia 30, mchapishaji anabaki na Sh420. Kama mrabaha wako ni asilimia 10 ya anachopokea mchapishaji, unapata Sh42. Kama ni asilimia 10 ya bei ya dukani, unapata Sh60. KRA hukata asilimia 5 ya mrabaha wa mkazi wa Kenya kabla haujakufikia. Kwa nakala 500, hesabu ya kwanza inakupa Sh19,950. Ya pili inakupa Sh28,500. Tofauti ya Sh8,550 imefichwa kwenye neno moja la mkataba.

Njia ya pili: unalipa, wao wanachapisha

Hapa ndipo ule ujumbe wa Facebook unapoingia. Kampuni inakuuzia "kifurushi": kuhariri, jalada, ISBN na nakala kadhaa. Kuna kampuni zinazofanya kazi hii kwa uaminifu na kazi yao inaonekana. Kuna zingine ambazo mteja wao ni wewe, si msomaji. Zikishapokea pesa zako zimeshapata faida, kwa hivyo kitabu kikiuzwa au kisiuzwe, kwao ni sawa.

Dalili za kukutia wasiwasi ni hizi. Wanasifu mswada ambao hawajausoma. Wanakuharakisha. Hawataki kukuonyesha vitabu vitatu walivyotoa awali. Bei haina mchanganuo, hujui jalada ni ngapi na kuhariri ni ngapi. Na iliyo mbaya kuliko zote: unalipa gharama yote na bado mkataba unawapa wao haki za kitabu chako.

Kanuni ni rahisi. Anayelipia ndiye anayepaswa kubaki na haki. Ukilipa wewe, haki zibaki kwako, na faili za mwisho za kurasa na jalada upewe. Mtu akitaka pesa zako na haki zako kwa pamoja, mwambie asante, kisha uendelee na maisha.

Njia ya tatu: kujichapishia

Hili si jambo la juzi. Miaka ya 1970 David Maillu alianzisha Comb Books jijini Nairobi, akawa anaandika, anachapisha na kuuza mwenyewe. *My Dear Bottle* ilitoka 1973 na *After 4.30* mwaka uliofuata. Vilikuwa vitabu vidogo, vya bei nafuu, vyenye lugha ya mtaani na mambo ya mapenzi yaliyowakasirisha wengi. Tanzania ilivipiga marufuku. Lakini watu walinunua. Baadaye Comb Books ilianguka, Maillu akaanzisha kampuni nyingine. Alithibitisha mambo mawili kwa mpigo: kwamba wasomaji wapo, na kwamba kuendesha biashara ni kazi nyingine tofauti na kuandika.

Ukijichapishia, wewe ndiye unayemtafuta mhariri, mpangaji wa kurasa na mchoraji wa jalada. Nambari ya ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS. Ina tarakimu 13, na za Kenya huanza na 978-9966 au 978-9914. Iombe kwa jina lako mwenyewe, kwa sababu ISBN inaonyesha mchapishaji ni nani. Kisha unatafuta mpiga chapa, na hapo unalinganisha bei za watatu, si mmoja.

Tuone hesabu kwa mfano tu, bei halisi utaulizia mwenyewe. Tuseme kuhariri, kurasa na jalada vinakugharimu Sh60,000. Unapiga chapa nakala 200 kwa Sh250 kila moja, hizo ni Sh50,000. Kuzisafirisha kwa basi kutoka Nairobi hadi Lodwar, Sh4,000. Jumla Sh114,000. Ukiuza kwa Sh600 mkononi, lazima uuze nakala 190 ndipo urudishe pesa zako. Zinabaki nakala 10 za faida, yaani Sh6,000. Ukiuza nusu kupitia duka linalochukua asilimia 30, mapato yote ni Sh102,000. Umekula hasara ya Sh12,000 na nakala zote zimekwisha!

Usikate tamaa hapo, angalia awamu ya pili. Kuhariri na jalada ulishalipia. Nakala 200 zingine, pamoja na usafiri, zinagharimu Sh54,000, yaani Sh270 kila moja. Sasa kila nakala unayouza mkononi inakuachia Sh330. Faida ya kujichapishia iko kwenye toleo la pili. Swali basi ni kama una watu 400 watakaonunua, au 150 tu ambao ni jamaa zako na waumini wa kanisa lenu.

Kwa sisi wa huku kuna gharama ambayo mtu wa Nairobi haioni. Lodwar iko karibu kilomita 300 kutoka Kitale, na Kakuma ni kilomita 120 zaidi mbele. Laga ikifurika, mzigo unalala njiani. Kama wewe ni mkimbizi, huwezi kutoka kambini bila kibali, kwa hivyo huwezi kwenda kukagua kazi kwa mpiga chapa. Dai nakala moja ya majaribio itumwe kwanza kwa basi. Ishike, ifungue, ikunje mgongo, iache kwenye jua la Kakuma siku nzima. Gundi ikiachia, bora iachie kwa nakala moja kuliko kwa 200.

Soko nalo lisake mapema. Tamasha la Tobong'u Lore huleta umati Lodwar. Kuna shule, makanisa, misikiti, mashirika yenye maktaba, na watu wa Turkana walio Kitale, Eldoret na Nairobi wanaokumbuka nyumbani.

Na vitabu vya kidijitali? Amazon inakuruhusu kupakia kitabu bila malipo. Mrabaha ni asilimia 70 kwa kitabu cha dola 2.99 hadi 9.99, kwa masharti fulani yanayohusu nchi aliko mnunuzi, na asilimia 35 kwa bei nyingine. Lakini Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hivyo mauzo ya Marekani hukatwa asilimia 30 ya mrabaha. Na jiulize: msomaji wako wa Kanamkemer ana kadi ya kununua Amazon? Kama wasomaji wako wako Nebraska au Australia, sawa. Kama wako Napetet, utahitaji karatasi au faili unayoiuza mwenyewe.

Njia ya nne: anza na kidogo

Si lazima uanze na kitabu. Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2002 kwa hadithi iliyotoka kwenye jarida la mtandaoni, kisha akaongoza kuanzishwa kwa jarida la *Kwani?*. Mwaka uliofuata Yvonne Adhiambo Owuor akashinda tuzo hiyo hiyo kwa "Weight of Whispers", hadithi ya wakimbizi wa Rwanda jijini Nairobi, iliyotoka kwenye *Kwani?*. Kazi fupi ilifungua mlango wa riwaya.

Kwa wanaoandika Kiswahili, kuna tuzo iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa hubeba jina la Safal. Hupokea miswada, na washindi huchapishwa. Mohammed Ghassani, Mzanzibari anayeishi Ujerumani, alishinda upande wa ushairi mwaka wa 2015 kwa *N'na Kwetu*, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapisha. Kumbuka, tuzo ya kweli haikudai uwalipe ili ushinde.

Na kama unaandika Kiturkana? Wachapishaji wakubwa wataona soko dogo. Lakini African Storybook ina hadithi za watoto kwa Ng'aturkana, za kusomwa bure mtandaoni na kuchapwa na mwalimu yeyote. Hupati pesa, na leseni yake ya wazi inaruhusu wengine kutafsiri na kubadilisha kazi yako mradi wakutaje. Weka huko kile unachotaka kisambae. Kile unachotaka kuuza, kiweke kando.

Mkataba: soma hata kama joto ni digrii 38

Sheria ya Kenya inakupa hakimiliki pale tu unapoandika kazi yako, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Si lazima uisajili, ila kuisajili kwa KECOBO mtandaoni kunakupa ushahidi mkiwa na mzozo. Kuhamisha hakimiliki ni lazima kuwe kwa maandishi na utie sahihi. Maana yake, sahihi yako ndiyo mlango. Hakuna anayeingia usipofungua.

Kabla hujatia sahihi, tafuta majibu ya haya ndani ya karatasi, si kwa mdomo:

Unauza hakimiliki yote, au unawapa ruhusa ya kuchapisha kwa muda fulani? Ruhusa ni bora. Inahusu lugha gani na nchi gani? Filamu na kitabu cha kusikiliza vimo? Mrabaha unahesabiwa kwa bei ipi, na taarifa ya mauzo utaipata mara ngapi kwa mwaka? Kitabu kikikosekana madukani miaka miwili, haki zinarudi kwako? Na wakifunga kampuni?

Kama ni mtu anayeandika hadithi yako, ongeza matatu: jina lako litatokea wapi, utasoma mswada kabla haujachapishwa, na mapato yatagawanywa vipi? Kama kuna jambo linaloweza kuhatarisha ndugu waliobaki nyumbani, liseme kabla. Kitabu hakifutiki kama posti.

Sasa uchague ipi?

Kama kitabu chako kinaingia shuleni na una subira, peleka kwa mchapishaji wa kawaida. Tembelea tovuti yake, fuata masharti yake ya kupokea miswada, tuma anachotaka na si zaidi. Kama una wasomaji wanaojulikana, unaweza kuwahesabu kwa majina, na una akiba ambayo ikipotea hutalala njaa, jichapishie. Kama ndiyo unaanza, tuma hadithi fupi na uingie kwenye tuzo. Kama unataka tu watoto wa Loima wasome lugha yao, mpe mwalimu bure na ujivunie.

Kulipa kampuni ikuchapishie iwe ya mwisho, na iwe umeshaona kazi zao, mchanganuo wa bei, na haki zimebaki kwako.

Zaidi ya watu 200,000 wanaishi Kakuma na Kalobeyei, mbali na Waturkana wenyeji wa ardhi hii. Kila mwaka mtu mwingine hupanda ndege na hadithi zetu ndani ya kompyuta yake. Huwezi kumzuia, na si lazima. Lakini siku mtoto wa Lodwar atakapoingia dukani akitafuta kitabu kuhusu kwao, ingefaa akute kimoja kilichoandikwa na jirani yake, chenye jina la jirani yake, na mrabaha unaoishia kwenye simu ya jirani yake. Rudi kwa ule mswada leo usiku, malizia sura ya tatu. Ya amana yatangoja.